Aya Kumi na Tisa

Télesphore hakuwa mtu wa kutulia, na juma lile alizidi. Tangu Jumatatu asubuhi, walipoambiwa kwamba jina lao limebandikwa kwenye ukuta wa ofisi, alishika daftari na kalamu. Mara yuko mlangoni, mara yuko uani, mara anamwita mkewe amsikilizie sentensi moja. Mwalimu wa historia wa Bukavu, jamani, miaka kumi na mmoja ya chaki, na leo katika kambi ya Dzaleka amebaki na mwanafunzi mmoja tu: mke wake Cécile, fundi cherehani. Mtihani wao ulikuwa Jumatano, Lilongwe.

Mtihani wenyewe ni mahojiano. Ofisi inayoshughulikia safari za wakimbizi kwenda kuishi ng'ambo ilitaka kujua jambo moja: Raïssa, yule msichana wa miaka kumi na mmoja anayeishi kwao, ni mtoto wa nani? Wao walisema ni mtoto wa Alexis, mdogo wake Télesphore, aliyeuawa miaka minane iliyopita katika kijiji chao cha milimani, safari ya nusu siku kutoka Bukavu. Mama yake mzazi alifariki alipomzaa. Cheti cha kuzaliwa hakuna. Picha hakuna. Ushahidi ni vinywa vyao viwili. Wakiaminiwa, watasafiri watatu. Wasipoaminiwa, faili la Raïssa litatengwa, na hapo wachague: waende wamwache, au wabaki wote kwenye vumbi la kambi mpaka Mungu awakumbuke.

Sasa, kambini kila mtu ana elimu ya mahojiano, hata asiyejua kusoma. Chuo ni foleni ya maji. Pale utaambiwa kwamba familia ya fulani ilianguka kwa sababu ya ng'ombe: mume kasema mwekundu, mke kasema mweusi, faili likafungwa. Nani aliliona faili hilo? Hakuna. Lakini ng'ombe yule anajulikana kambi nzima. Ndiyo maana mume na mke wanakaa jioni wanaulizana maswali kama watoto wa katekisimu.

Télesphore yeye akawapita wote. Aliandika habari yote kwenye daftari, akaikatakata kwa aya, kila aya akaipa namba, kama Biblia. Zikawa kumi na tisa. Kisha akampa Raïssa daftari, awe ndiye anayemsikiliza Cécile huku cherehani inazunguka.

"Mama, aya ya saba."

"Siku ile ilikuwa siku ya soko, saa tisa mchana. Alexis alikwenda kununua chumvi."

"'Alikwenda sokoni kununua chumvi.' Umeruka soko."

"Soko si nimeshaitaja, we mutoto!"

"Papa amesema ata neno moja isipotee."

"Haya, endelea, hakimu."

"Aya ya nane, kelele ya risasi. Aya ya tisa."

Hapo mguu wa Cécile ulipunguza mwendo kwenye cherehani. Akakiangalia kitambaa kana kwamba ndicho kilichoulizwa swali. "Alexis alianguka pale pale sokoni. Jirani mmoja alimchukua mtoto, akamleta mlangoni kwetu."

Raïssa aliitikia kwa kichwa, safi. Aya ya tisa aliipenda kuliko zote. Alikuwa na miaka mitatu siku ile, hakumbuki uso wala sauti, na ya baba yake mzazi hakuwa na habari nyingine duniani ila hiyo. Papa kwake alikuwa Télesphore, tangu alipojua kusema.

Jumanne mchana ilikuwa siku ya darasa la Biblia, na Télesphore hakuliahirisha, maana kukaa bure kungemmaliza. Waliketi watu kama ishirini chini ya mabati ya kanisa lao, na mlangoni, juu ya kiti alichokibeba mwenyewe, Chabani. Huyu Chabani ni Mwislamu wa Kindu, ana meza ya samaki wakavu jirani na cherehani ya Cécile, na kila Jumanne anakuja kupinga. Wamezoeana. Siku asipokuja darasa linapoa, watu wanapiga miayo.

"Mwalimu," akaanza, "leo niko na swali ya kaburi ya Yesu. Bitabu byenu biko ine. Moja anasema bamama baliona malaika moja pale kaburini. Mwengine anasema babili. Moja anasema mama alienda yeye peke, mwengine anasema balikuwa batatu. We njo mwalimu ya histoire, niambie: bantu hawapatane ata hesabu ya bamama, njo bashahidi gani bale?"

Watu wakacheka, mmoja akaguna. Télesphore akasimama na macho yakamwaka, maana swali hilo alikuwa amelisubiri tangu Pasaka.

"Chabani, ndugu yangu. Bantu bane baliona ajali ku barabara. Unabauliza moja moja, na bote banakuambia maneno ile ile, bakipumua mahali moja. Utasema nini?"

"Nitasema balikaa kwanza, bakapika."

"Njo hiyo! Sasa hawa hawakupika. Kila mtu amesema alivyoona au alivyosikia, na kiini hakijabadilika: kaburi lilikuwa wazi, na wanawake ndio waliofika kwanza. Na angalia, wanawake! Siku zile neno la mwanamke halikuwa na uzito mbele ya wazee. Mtu anayetunga angewatanguliza wao? Angetafuta mzee mwenye ndevu. Na Petro, mkubwa wao, anamkana Bwana wake mbele ya kijakazi, tena anaapa. Aibu ile nani angeiandika kama haikutokea? Mtu anayetunga, kitu cha kwanza anafuta aibu ya mkubwa."

Akafika mbali zaidi, siku hiyo alikuwa moto. Akawaambia kwamba zamani mtu mmoja wa Siria alizichukua habari zote nne akazishona ziwe moja, laini, bila kugongana. Watu waliipenda, ikasomwa makanisani miaka na miaka. Lakini mwishowe kanisa lilikataa, likasema turudishieni wale wanne na magomvi yao.

"Hapo haujanionyesha kama alifufuka," Chabani akasema.

"Sikusema nimekuonyesha. Nimesema bashahidi hawakupika."

"Hiyo nakupa," Chabani akasema, akainua kiti chake akarudi kwa samaki wake, maana paka wa Dzaleka hawana dini.

Cécile alikuwa nyuma ya kanisa muda wote, na hakusema kitu mpaka wamefika nyumbani. Akavua viatu, akaketi.

"Télesphore, kama njo vile, sisi habari yetu tunaipika juu ya nini?"

"Ile ni Biblia, Cécile. Hii ni biro, maneno ya ofisi."

Akatamka hivyo bila haya, mwalimu mzima, kisha akamwita Raïssa alete daftari.

Jumatano wakapanda kabaza tatu, baiskeli za kubeba abiria, mpaka barabara kuu, kisha basi, na saa tatu walikuwa Lilongwe, wameketi kwenye benchi la ukumbi wa ofisi. Afisa alikuwa mama mmoja mtulivu, na mkalimani wake kijana wa Mbeya mwenye Kiswahili cha redio. Télesphore akaitwa kwanza. Akasema aya zote kumi na tisa bila kukwama, akatoka anajifuta jasho, akamkonyeza mkewe. Kisha akaingia Cécile.

Akakaa mle saa nzima. Télesphore akahesabu vigae vya sakafu, akaenda mlangoni, akarudi, akanywa maji, akaenda chooni mara mbili. Mlinzi akamwambia "Bambo, khalani pansi," yaani akae chini. Akaketi kwa dakika moja.

Mlango ulipofunguliwa, akaitwa na yeye. Cécile alikuwa ameinama, ameshika kitambaa cha pua. Afisa akazungumza polepole, na mkalimani akafuata.

"Afisa anasema: nilipomkatiza mke wako kwa swali dogo, kwamba huyo jirani aliitwa nani, alinyamaza. Kisha akarudi mwanzo. 'Siku ile ilikuwa siku ya soko, saa tisa mchana.' Nikamkatiza tena, akarudi tena. Mara tatu. Na wewe ulisema maneno hayo hayo, kwa mpangilio huo huo, hadi chumvi. Nani aliyaandika?"

Télesphore akalisukuma daftari ndani zaidi ya koti.

"Anasema: sikasiriki. Wengi wanafanya hivi. Lakini siwezi kuandika kwamba nimeamini wimbo. Rudini kesho saa nne. Kila mmoja aniambie alichokiona yeye kwa macho yake. Nikisikia wimbo huu tena, mtoto atatengwa na faili lenu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama. Zikomo," akasema, yaani asante.

Kibali chao cha kutoka kambini kilikuwa cha siku tatu, kwa hiyo wakaenda mtaa wa Area 47 kwa Stéphanie, rafiki wa Cécile wa tangu Bukavu, aliyewahi kushona naye hapo mjini kabla wakimbizi wasio na kibali cha mjini hawajarudishwa kambini. Stéphanie akawapikia nsima, ugali wa huko, na maharage, akamchukua Raïssa ndani amwoneshe vitambaa. Télesphore hakula. Alitembea kutoka getini mpaka bombani na kutoka bombani mpaka getini, na kichwa chake nacho kilikuwa kinatembea, maana ghafla akasimama mbele ya mkewe na uso umechangamka.

"Nimepata. Tutabadilisha kidogo. We useme Alexis alivaa shati nyeupe, mi niseme ya bluu. We useme saa tisa, mi niseme saa kumi kasoro. Wataona hatukukaa pamoja."

Cécile alimtazama. Kisha akapandisha sauti, yeye ambaye hata fundi mwenzake akimwibia sindano hapigi kelele.

"Sasa unapika ata kutopatana? Mungu wangu! Télesphore, we njo yule mushoni ya Siria, na kushona kwenyewe hujue!"

"Sema polepole, mutoto atasikia."

"Atasikia nini? Jirani gani alileta mutoto? Niambie jina yake, maana leo mama yule aliniuliza, na mi sina jina, juu jirani hakukuwako. Alexis alikuya mwenyewe. Mi njo nilipokea mutoto ku dirisha ya jikoni, na hii mikono."

"Tulikubaliana..."

"Ulisema bakijua alikuya, batakuuliza juu ya nini mlango haikufunguliwa. Nikakubali juu ya Raïssa. Lakini nikuulize leo. Funguo ilikuwa wapi?"

"Ilipotea. Unajua. Nilitafuta..."

"Nilifua suruali yako Kigoma," Cécile akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Wiki mbili kisha ile siku. Ilikuwa mu mufuko. Niliitupa mu ziwa, na sikukuambia kitu miaka minane."

Télesphore akakaa chini, pale pale kwenye saruji karibu na bomba. Kwa muda mrefu hakusimama. Aibu si mzigo wa kichwani useme utautua ukichoka. Ilikuwa imekaa naye tangu kijijini, imevuka naye ziwa, imepanga naye foleni ya unga, na yeye kwa ujinga wake alidhani ni yeye peke yake anayeifahamu. Kumbe mkewe alilala nayo kitanda kimoja. Alilia, na hakujificha.

"Bataniona mimi njo muuaji," akasema.

"Basi bakuone. Raïssa asibakie Dzaleka juu ya uso yako."

Alhamisi saa nne Télesphore aliingia bila daftari. Akamwambia mkalimani asimharakishe, kisha akasema, na safari hii alikwama kila mahali.

Alisema risasi zilianzia ng'ambo ya soko. Alifunga mlango wa chuma kwa ufunguo, akautia mfukoni, akamwambia Cécile akajifiche jikoni. Kisha Alexis akaja mbio na mtoto kifuani, akagonga. Akaita, "Grand, fungua!" Na yeye, kaka mkubwa, mwalimu, mshauri wa kwaya, alisimama nyuma ya mlango na mkono mfukoni, ameushika ufunguo, akasikia watu wenye bunduki wanateremka kilima, na mkono ukakataa kutoka. Akasema, "Funguo imepotea."

"Afisa anauliza: halafu mdogo wako akasema nini?"

"Aliamini," Télesphore akasema. "Njo kitu inaniua. Aliamini. Hakunitukana. Alisema, 'Basi usitafute tena, utafanya kelele, batasikia. Pokea mutoto ku dirisha. Mi nitabapeleka mbali.' Akampa mke wangu mutoto ku dirisha ya jikoni, ile mutu mukubwa hawezi kupita. Kisha akakimbia kwa migomba akipiga kelele, akipiga ndoo na mawe, ili bamufuate. Bakamufuata. Risasi nilisikia mbili."

Mkalimani wa Mbeya alianza kutafsiri, akaacha, akaomba maji. Afisa akammiminia.

"Anauliza: kwa nini jana hukusema?"

"Kila nikisema kwamba Alexis alikuya nyumbani, inabidi niseme na mlango. Nikaona heri afe sokoni."

Cécile naye akaingia, akasema yake. Kwake Alexis aligonga mara nyingi, si mara moja, na alipiga sufuria, wala si ndoo. Afisa akaandika vyote viwili, ndoo na sufuria, hakuuliza ni kipi. Kisha akawaita wote wawili, akasema kwamba anaamini mtoto ni wa Alexis. Cécile akaanza kumshukuru Mungu, lakini yule mama akainua mkono. Lilibaki jambo moja. Mtoto wa umri huo haandikwi kwenye familia bila kuulizwa mwenyewe, tena peke yake, kama anataka. Na hawezi kuulizwa huku amebeba habari ya uongo. "Mtamwambia ninyi, au tumwambie sisi?"

"Mi njo nitamwambia," Télesphore akasema.

Raïssa alikuwa kwenye benchi la ukumbi, amevaa gauni aliloshonewa kwa ajili ya safari, na midomo yake ilikuwa inachezacheza. Alikuwa anakariri aya, maskini, akidhani yeye ndiye atakayefuata kutahiniwa. Télesphore akapiga magoti mbele yake, watu wote wakiangalia. Akamwambia. Hakupunguza kitu. Alipofika kwenye ufunguo, mtoto aliangalia mfuko wa suruali yake. Alipofika kwenye migomba, akasema, "Ngoja," kisha akasema, "Rudilia ile baba yangu alisema."

Télesphore akarudilia. Raïssa akasikiliza huku amefumba macho.

"Kumbe alisema kitu," akasema. "Miaka hii yote mulikuwa nayo. Mulikuwa na sauti yake, mukanipa chumvi."

"Nisamehe, mwanangu."

Raïssa akafumbua macho. Mlango ulifunguka, mkalimani akamwita kwa jina, mtoto akainuka, akamzunguka Télesphore aliyekuwa bado amepiga magoti, akaingia. Mlango ukafungwa. Nusu saa nzima Télesphore hakutembea, hakuhesabu vigae, hakwenda popote. Cécile alitaka kumshika mkono, akauacha. Kama mtoto angesema hapana kule ndani, nani wa kumlaumu? Safari ingekufa, na ingekufa kwa haki.

Raïssa alipotoka macho yalikuwa mekundu lakini kichwa kiko juu. Akaenda moja kwa moja kwa Cécile, akamshika kiunoni.

"Nimebaambia ndiyo, Mama. Nimebaambia banaweza kuniandika."

Cécile akapiga kigelegele, mlinzi akashtuka, na Télesphore akainuka kwa shida huku machozi yanamtoka, akanyoosha mikono. Mtoto alimwangalia. Miaka minane alikuwa hana jina lingine la kumwita, na siku hiyo alilitafuta kwa muda, polepole, mpaka akalipata.

"Twende," akasema, "baba mukubwa."